Mzee Kaegama Upande Gani

Ijumaa moja baada ya sala, Amour Hemed alikuwa amesimama katika ghala lake dogo pale Usagara, Tanga mjini, akipima ukavu wa pilipili manga kwa namna aliyoizoea. Alichota konzi kutoka kwenye gunia, akaifikicha, akaipuliza vumbi, akatupia punje moja mdomoni na kuisikiliza ikipasuka baina ya magego. Punje kavu huvunjika kwa mlio, mbichi hunyamaza. Ile ilivunjika vizuri. Amour akatikisa kichwa kukubali, na papo hapo mwili wake wote, kuanzia visigino mpaka kofia, ukaegama nyuma. Nyuma yake hapakuwa na ukuta wala gunia la kumshika.

Mkewe, Salme, alikuwa mlangoni akipanga kashata kwenye sahani. Alimtazama kwa muda.

"Baba Tuhfa, hebu simama vizuri," alisema.

"Nimesimama vizuri," alijibu Amour. "Ndivyo nilivyosimama."

Alijaribu kujinyoosha, hakuweza. Hakuanguka pia. Alibaki hivyo hivyo, kidevu juu, akaendelea kupima gunia lililofuata. Salme akafunika sahani yake kwa kitambaa akaipeleka ilikoagizwa. Jioni simu zikaanza kuingia kutoka Maramba, Muheza na milimani Amani kuuliza kama ni kweli bei ya pilipili manga imeshuka. Ilikuwa kweli.

Msimu ulipopita na wakulima wakawa hawana tena cha kuuza, Amour aliamka asubuhi ameegama mbele. Kofia yake ilifika sebuleni kabla yake. Wiki ile bei ikapanda, na waliofurahi ni wale waliokuwa na maghala yaliyojaa. Salme alimpeleka hospitali. Daktari alimgonga magoti, akamsikiliza kifua, akasema mifupa haina neno na presha ni ya kijana, kisha akauliza mzee anaonaje, auze sasa au angoje, kwa kuwa mke wa daktari alikuwa na kijishamba Muheza. Msikitini imamu alimtengea nguzo. Bei ikishuka Amour alisali mgongo wake ukiwa umeiegemea nguzo, na ikipanda watu wa safu ya mbele walisogea kidogo ili asiwadondokee.

Madalali wa Usagara hawakuchelewa kuelewa. Ni watu wanaoweza kunusa bei kwenye kikohozi cha mtu, sembuse mwili mzima. Walianza kupita ghalani asubuhi kumjulia hali mzee, na hali yenyewe waliijulia kwa utepe wa fundi cherehani. Baadaye wakamleta Hosea, fundi mwashi, na timazi yake. Hosea aliushika uzi kisogoni kwa Amour, akaiacha ile risasi ya timazi ining'inie mpaka itulie, akapima kwa vidole umbali wa kutoka risasi hadi visigino. Alisema ameona nyumba zilizolala kuliko hapo na bado zinapangishwa.

Lakini timazi peke yake haikutosha. Kuna siku Amour aliegama nyuma sana, nusura alale chali, na hata hivyo Salme alimnyoosha kwa kidole kimoja akipita na ndoo. Siku hizo bei ilishuka asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Siku nyingine aliegama kidogo tu, mgeni asingetambua, lakini wanaume wawili wakimsukuma hatikisiki. Bei ya siku hizo ilikwenda mbali na hakuna aliyeizuia. Basi wakaleta mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia samaki, wakaitia kwenye mkanda wake na kumvuta mpaka akae wima, kisha wakasoma kilo. Timazi ikawa ya upande, mizani ikawa ya nguvu. Amour alivumilia yote hayo akiwa na kikombe cha chai mkononi, na aliomba kitu kimoja tu, kwamba wasimvute kabla hajameza.

Rama, dalali mwenye maneno mengi na haraka nyingi kuliko maneno, ndiye aliyeingia mkenge. Alikuwa Maramba siku hiyo, akapiga simu Usagara kuuliza mzee anavuta kilo ngapi. Akaambiwa ishirini na mbili. Hakuna aliyewahi kusikia ishirini na mbili. Rama alikata simu, akanunua kila gunia aliloliona, hata lililokuwa bado juani kwenye turubai, akarudi mjini anaimba. Alikuta Amour amelala nyuma kama kiti cha kinyozi. Nguvu ilikuwapo, ishirini na mbili kamili, ila upande Rama hakuuliza. Walimcheka mpaka mfungo ukaingia. Tangu hapo ikawa desturi Usagara kutaja upande kwanza na kilo baadaye, na salamu ya asubuhi ikawa hiyo:

"Mzee yuko wapi leo?"

"Nyuma, kumi na nne."

"Haya, asante."

Salme aliyazoea. Alikata miguu miwili ya kitanda, akanunua mto wa pamba wa kumkingia mgongo wakati wa kula, akajifunza kumvisha kanzu kwa kuanzia upande wa juu. Lakini alimkosa mumewe. Huko Pemba alikotolewa, alikuwa ameposwa na mwanamume mrefu aliyenyooka, ambaye akiingia mlangoni mwanga ulipungua, na alimpenda kwa mengi lakini kimo kile kilikuwamo. Sasa ilimbidi amfuate usoni, leo juu, kesho chini. Alipokuwa peke yake jikoni alilitamani lile bega mahali pake pa zamani, akalia kidogo, akapangusa machozi kwa ncha ya mtandio, akarudi kwenye nazi zake.

Nazi zilikuwa za kashata. Kila Ijumaa Salme alipika sahani moja ya kwenda kwa Mwinyijuma, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ambaye baada ya sala alikaa kibarazani kwake na wanunuzi wenzake wawili kunywa kahawa. Walikuwa watu wema. Mtu akifiwa, sanda ilitoka kwao kabla hajaomba. Bomba la msikiti walilitengeneza wao. Na Salme, aliyekuwa akiipeleka sahani hiyo kwa mkono wake, ndiye aliyeona jambo ambalo timazi haikuliona. Mvua ikinyesha Maramba, Amour hakutikisika. Meli ikiingia bandarini, hakutikisika. Sahani ya kashata ikienda, jioni ile ile aliegama, na alibaki hivyo wiki nzima. Kuna Ijumaa wale watatu walikwenda Pangani mazishini, sahani haikuagizwa. Jumamosi yake Amour aliamka wima, akajigonga kichwa kwenye kizingiti alichokuwa amekisahau.

Salme alijaribu kutopika. Wale watatu walinunua biskuti, na mzee akaegama vile vile.

Akawaeleza madalali ghalani, bila kunong'ona, kwamba bei haitoki mvuani wala baharini, inatoka kibarazani kwa Mwinyijuma, watu watatu wakinywa kahawa. Rama alikuwa anashona mdomo wa gunia. Hakuinua hata kichwa.

"Sasa wewe shangazi ulidhani inatoka wapi?" alisema.

Mambo yalikuwa hivyo Tuhfa alipochumbiwa. Tuhfa alikuwa binti yao pekee, mkunga, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini. Mchumba, Abdulla, alifanya kazi bandarini, na siku ya harusi ilifuata likizo yake, Jumamosi, katikati ya msimu. Katikati ya msimu Amour hakuwa mtu wa kukaa jamvini. Alikuwa nyuma, kumi na nane, na kila wiki alizidi.

Baba wa bibi harusi hukaa jamvini, goti kwa goti na mkwe wake, wakashikana mkono wa kulia, akatamka mwenyewe kwamba nimekuoza binti yangu. Walijaribu nyumbani. Abdulla alikaa kwa adabu, akautoa mkono, Amour akaushika kwa upendo wote, na mara walipoachia ule mto wa mgongoni Abdulla akavutwa mzima mzima akaangukia kifuani kwa baba mkwe. Alijitoa taratibu, akaomba radhi. Wakajaribu tena, akaangukia tena.

"Si umpe kaka yako uwakili," alisema Tuhfa akiwa mlangoni. "Sheria inaruhusu, baba."

"Inaruhusu," alisema Amour, akitazama dari kwa kuwa ndiko macho yake yalikoelekea. "Lakini mwenye binti ni mimi, naye ni mmoja. Nataka nikuoze mimi, kwa mkono wangu, nikiwa namwona usoni huyo ninayempa."

Alisema hayo na machozi yakamtiririkia masikioni. Salme hakungoja zaidi. Alijitanda vizuri, akaenda kwa Mwinyijuma.

Mwinyijuma alimkaribisha kibarazani, akamletea kahawa yeye mwenyewe. Salme hakuzunguka. Alimwambia kwamba mzee hawezi kukaa kwa ajili ya bei, na bei ni yao, hivyo amekuja kuwaomba waiachie kidogo, Ijumaa moja tu, ili Jumamosi mtu aoze binti yake.

Mwinyijuma alizungusha kikombe.

"Bi Salme, Tuhfa tumemjua tangu anatambaa," alisema. "Mjukuu wangu alipozaliwa, aliyempokea ni yeye. Ijumaa hiyo hatukai. Kila mtu atanunua kwa bei anayoiona mwenyewe. Na mchele wa pilau ni juu yangu."

"Mungu akuzidishie, kaka Mwinyijuma."

"Amin. Ila neno moja. Lisitangazwe. Wakulima wakisikia watashuka wote na magunia yao siku hiyo, na itakuwa hasara, si harusi tena."

"Halitoki kwangu," alisema Salme.

Alirudi amejaa furaha, viatu vyake havigusi chini ila kwa nidhamu. Njiani ndipo lilipomjia wazo kwamba jambo ambalo wakulima wa milima mizima walikuwa wakiliombea dua misikitini na makanisani, limepatikana kwa kuombwa tu, kabla kahawa haijapoa. Aliliwaza mpaka kwenye kona ya msikiti. Kisha akakumbuka kwamba hajaagiza viazi.

Ijumaa ilipofika, sahani ya kashata haikuagizwa. Alasiri alipiga simu Benedikta kutoka Maramba. Benedikta, mama Anold kwa waliomzoea, alimuuzia Amour pilipili manga tangu Tuhfa yuko mgongoni, na ndizi za kwanza ambazo Tuhfa alilishwa zilitoka shambani kwake. Sikukuu ya Krismasi alileta jogoo, Idi alipelekewa tambi na mkate wa kumimina. Msimu huo alikuwa hajauza hata kilo. Alilala na magunia chumbani, akingoja mzee asimame, maana Anold alikuwa amefaulu kwenda chuo cha ufundi wa meli na ada ilitakiwa. Kwa bei ya nyuma isingefika. Kwa bei ya kusimama ingefika na chenji ya godoro.

"Mama Tuhfa, kesho nakuja na gari ya mbao," alisema. "Dereva anasema kuna nafasi. Nije na magunia yangu kabisa, au niyaache? Mzee yuko wapi leo?"

Salme alikuwa amesimama uani. Dirishani alimwona Amour kitandani, nyuma bado, ila mto ulikuwa umeanza kulegea mgongoni mwake.

"Nyuma," alisema. Wakati huo ilikuwa kweli.

"Nyuma sana?"

"Wewe njoo na nafsi yako tu, mama Anold. Harusini watu hawaji na magunia."

Benedikta akacheka, akasema basi atavaa gauni lake la kijani.

Jumamosi alfajiri Salme aliamshwa na mlio wa kitanda. Amour alikuwa amekaa ukingoni, wima, miguu chini, akiutazama ukuta wa mbele kama mtu aliyerudi safari na kukuta nyumba imepakwa rangi. Alisimama. Alipita wima kidogo, akaegama mbele kiasi cha kidole kimoja, akarudi, akatulia. Salme alimfikia kifuani, pale pale pa zamani. Aliegemeza shavu hapo mpaka muadhini alipomaliza.

Nikaha ilifungwa uani, juu ya majamvi, baada ya adhuhuri. Amour alikaa goti kwa goti na Abdulla, akamshika mkono, akamtazama machoni, akatamka maneno yote bila kukosea. Abdulla hakuangukia mahali. Vigelegele vilipasuka jikoni, na Tuhfa ndani ya chumba, aliyekuwa ameapa kwamba halii, alilia na wanja ukaharibika. Salme alijiona kama aliyepewa dunia mkononi. Mwinyijuma na wenzake walikuwa jamvini pia, wamevaa kanzu nyeupe, wakipangusa macho.

Wakati wa kupakua, Benedikta alikuja jikoni na gauni lake la kijani kumsaidia Salme kutoa sinia. Alikuwa ametoka kuongea na simu. Alisimama akimwangalia Amour kupitia mlango wa uani. Amour alikuwa anatembea baina ya wageni akiwakaribisha, mrefu, kofia iko sawasawa.

"Mzee kasimama," alisema.

"Kasimama."

"Tangu lini?"

"Alfajiri."

Benedikta aliitazama simu yake. "Jirani yangu kauza leo Maramba, hapo hapo njiani, kwa dereva tu. Kanitajia bei, nikadhani anatania." Aliizima simu. "Jana nilikuuliza, mama Tuhfa."

Salme alihisi uso unamwaka, na haukuwa moto wa jiko. Alitaka kusema kwamba aliahidi. Alitaka kusema kwamba binti ni mmoja. Yote yalikuwa kweli. Alichukua mwiko, akamwekea Benedikta nyama nyingine, kipande cha mbavu, kilicho bora. Benedikta alipokea sinia kwa mikono miwili, akasema asante, akaenda kula na wenzake. Alikula vizuri. Alicheza hata na kina mama wakati wa ngoma, na zawadi yake, jozi ya mashuka, ilikuwa nzuri kuliko za wengi.

Pilau ilipoliwa, wazee walibaki jamvini, kahawa ikapita. Mtu akaleta kashata zilizobaki. Mwinyijuma alichukua moja, akasogea karibu na wenzake wawili, kwa kuwa jana hawakuonana na kulikuwa na mazungumzo. Hawakuzungumza kwa muda mrefu. Amour, aliyekuwa amekaa upande wa pili akimsikiliza baba wa Abdulla, alianza kuegama nyuma katikati ya sentensi. Baba wa Abdulla aliendelea kusema huku akimfuata kwa shingo. Salme alikwenda ndani akachukua mto, akamkingia mumewe, akamwuliza kama anaona raha.

"Naona raha," alisema Amour, akimtabasamia kutokea chini. "Nimemuoza."

Bei haikurudi pale ilipokuwa. Ilishuka zaidi, maana wale watatu walinunua ghali siku ya Jumamosi na ilibidi hasara ifidiwe mahali. Rama alivuta mizani akatangaza nyuma, thelathini, kisha akaomba msaada wa kuishika. Benedikta alingoja, na chuo kikapiga simu, akangoja tena, na chuo kikapiga tena. Mwishowe alishuka mjini na gari ile ile ya mbao, magunia yake yote nyuma, akayapanga mwenyewe kwenye mizani kubwa ya sakafuni pale ghalani kwa Amour.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Anold. Pilipili yako haijawahi kunitia aibu." Alitafuna punje moja. Ilipasuka kwa mlio uliosikika mpaka mlangoni alikokuwa Salme.

Lakini Amour alikuwa amelala nyuma mno. Macho yake yaliona mabati ya paa tu, na mshale wa mizani ulikuwa chini ya kidevu chake. Alijaribu kuinua kichwa, shingo ikatetemeka. Salme aliweka chini alichokuwa amekishika ili aende kumshika. Benedikta alikuwa karibu zaidi. Alipita nyuma ya mzee, akaweka viganja vyote viwili mgongoni mwake, akakaza miguu sakafuni, akamsukuma taratibu, pumzi zikimtoka, mpaka uso wa Amour ukafika mbele ya mshale.

"Soma, mzee," alisema. "Nimekushika."

Amour akasoma kilo zote, hakupunja hata moja, kisha akamtajia bei.